Nakuomba U...

Februari 3

Kwako Fundi, mdogo wangu,

Habari za huko mjini na za kazi? Sisi huku tunasukuma siku. Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba kumgeuza mama kitandani si mchezo. Mama naye anakusalimu sana. Hali yake ni ile ile uliyoiacha: mkono wa kulia haujarudi, mguu unajaribu, na maneno yanatoka moja moja, kila moja likichukua muda ambao wewe ungefunga kamba za viatu vyote viwili. Akili iko timamu kuliko yangu na yako tukizijumlisha.

Kiharusi kimemwachia ualimu wake wote. Ukimmalizia neno, ananyanyua kidole cha kushoto na kuanza sentensi upya, tangu mwanzo, kana kwamba wewe ni mtoto wa darasa la kwanza uliyemkatiza mwalimu. Juzi jirani alimsaidia kusema "dirisha". Maskini, chai yake ilipoa akiwa anasubiri sentensi ianze tena na ifike kwenye hilo dirisha.

Sasa shida yangu. Tangu ofisi yenu ilipokubali nipokee simu za msaada nikiwa nyumbani, nawashukuru, nimeweza kumuuguza mama bila kuacha kazi. Lakini hiyo VPN mliyonifungia, ile njia ya siri ya mtandao wa ofisi, inakatika kila saa. Niko na mwanamke kwenye simu, ndiyo kwanza amepata ujasiri wa kunieleza mumewe anavyomfanyia, mara kimya. Ikirudi, yeye hayupo. Mtu wa namna ile hapati nafasi ya kupiga simu kila anapotaka.

Na kwa mama ni vivyo hivyo. Simu ya mkononi humu ndani haishiki, mpaka upande kilima cha shuleni, na mama hapandi popote. Kwa hiyo wewe na yeye hamna njia nyingine ila hedifoni yangu ya kazi. Ana neno na wewe, Fundi. Nimemwomba aniambie mimi nikuandikie, amekataa kwa kichwa. Ni la kwako peke yako, ulisikie kwa mdomo wake. Mara mbili ameanza, mara mbili laini imekatika, na unajua akikatizwa anafanyaje.

Fanya jambo. Barua pepe ikikwama njiani inasubiri, laini ikirudi inaondoka. Sauti haisubiri.

Akupendaye,
Dada yako

*

Februari 6

Shikamoo dada,

Barua yako nimeipata nikiwa mzima, ila nimecheka peke yangu hapa kwenye chumba cha mitambo, nikimwona yule jirani na chai yake. Mpe mama salamu nyingi. Mwambie mwanawe anakula vizuri, hata kama wewe unajua ukweli.

Dada, laini yako haifi. Inabadilisha ufunguo. Kila kinachopita kati ya kompyuta yako na seva zetu, zile kompyuta kuu za ofisi, kinafungwa kwa ufunguo ambao mashine hizo mbili zimekubaliana kwa siri. Ufunguo ukitumika muda mrefu, mtu anayeotea njiani anapata nafasi. Basi kila saa tunautupa, tunachonga mwingine, na papo hapo mashine yako inaulizwa upya: wewe ni nani? Sisi wa mjini wenye laini nene hatuhisi kitu. Wewe na hiyo antena yako ya intaneti, swali linakuja likijikongoja, jibu linarudi likijikongoja, na katikati hapo unakuwa umekatwa.

Nimeongea na mkuu wangu. Kuanzia leo, ninyi mnaofanyia kazi majumbani ufunguo wenu utabadilika mara moja tu kwa siku, alfajiri, kabla zamu hazijaanza. Mwambie mama aandae hilo neno lake taratibu. Sitamkatiza.

Mdogo wako,
Fundi

*

Februari 20

Kwa Fundi wetu,

Za siku? Sisi wazima, na leo nakuandikia nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo muda mrefu.

Wiki mbili laini haijatikisika! Nimeongea na mwanamke mmoja kuanzia nilipokaa kitini mpaka mchana, hakuna aliyetukata, na alipomaliza alikuwa tayari ameshapangiwa pa kujificha yeye na watoto. Zamani ningempoteza njiani. Msimamizi wa zamu amenipigia kunipongeza, nami nikamwambia pongezi ampelekee mdogo wangu, mtu aliyebomoa redio ya baba akiwa na miaka sita na hajawahi kuiunganisha mpaka leo.

Mama baada ya kuzungumza nawe Jumapili alishinda anatabasamu. Najua mliongelea mambo madogo madogo tu. Nimemuuliza kwa nini hakukwambia lile neno lake. Amejibu, "Si-ja-li-pa-nga." Kumbe analipanga! Mchana nikipita mlangoni namsikia anafanya mazoezi, midomo inakwenda bila sauti. Akiniona ananyamaza, kisha ananitazama kama mwalimu aliyekuta mtu anachungulia mtihani.

Usiwe na haraka naye. Muda upo sasa.

Dada yako

*

Machi 2

Dada,

Natumai hamjambo. Mimi siko sawa.

Mwenzenu mmoja wa zamu ya mchana, naye anafanyia kazi nyumbani kwake, aliibiwa kompyuta ikiwa imewaka mezani. Kwa kuwa ufunguo ulikuwa wa siku nzima, hakuna aliyeiuliza ile mashine wewe ni nani. Seva zetu ziliendelea kuiamini mpaka alfajiri. Aliyeichukua hakuwa mwizi wa kompyuta. Alikuwa kaka wa mume wa mmoja wa wanawake tuliowaficha, na alijua anachotafuta. Alikipata. Wamemfuata mwanamke huyo mpaka kule alikokuwa. Yuko hospitali. Wanasema atapona, ila jicho moja hapana.

Nilikwenda kumwona. Nilisimama mlangoni, nikashindwa kuingia, nikarudi.

Nimebadilisha kila kitu kwa mkono wangu mwenyewe. Sasa ufunguo ni nusu saa. Na ule wa zamani hausubiri mpya ukubaliwe, unatupwa kwanza. Tunavunja, ndipo tunajenga. Najua maana yake kwako. Najua na maana yake kwa mama. Likizo yangu nayo imefutwa mpaka mitambo yote ikaguliwe. Mwambie nakuja mwisho wa mwezi ujao.

Mdogo wako

*

Machi 9

Kwa mdogo wangu,

Pole sana. Nimesoma barua yako nikalia kwa ajili ya yule mwanamke, na kwa ajili yako uliyesimama mlangoni. Usidhani sijaelewa.

Lakini nami nikueleze ya huku. Kila nusu saa nakatwa. Jana niliyekuwa naye kwenye simu alikuwa amejifungia bafuni, ananong'ona, nasikia mtu anagonga mlango. Tukakatwa. Iliporudi niliita, niliita, hakuna mtu. Sijui kilichompata. Unalinda wanawake kwa kuwakata, Fundi, na mimi nawapoteza kwa sababu hiyo hiyo, na sote tuna haki. Nifanyeje?

Mama amedhoofika. Hali chakula vizuri, na daktari wa zahanati alipotoka chumbani hakutaka kunitazama usoni. Lile neno lake amelimaliza kulipanga. Wiki hii ameanza mara tatu, wewe mwenyewe unajua, ulikuwa unamsikia. Mara tatu laini imekatika, na kila mara anarudi kwenye "mwanangu" kama hajawahi kusema kitu. Anachoka. Jasho linamtoka.

Iachie hii kompyuta yangu moja tu. Mashine moja, siku moja. Nani atajua?

Dada yako

*

Machi 11

Shikamoo dada,

Nimekaa na barua yako siku nzima. Mkuu wangu aliponiuliza nina nini, nilimwambia macho yananiuma.

Siwezi. Si kwamba nakatazwa. Ningeweza kukaa hapa, nikaandika mstari mmoja, na wewe ukakaa siku nzima bila kuulizwa jina. Lakini kompyuta yako ina majina yale yale, na sehemu wanakofichwa ni zile zile, na nyumba yetu ina mlango ambao hata mbuzi anausukuma. Ya yule mwenzenu aliyeibiwa pia ilikuwa mashine moja, siku moja. Kila nikijaribu kukuandikia mstari huo naliona lile jicho.

Tufanye hivi. Ijumaa, ukimaliza zamu, tulia. Taa ya hedifoni ikizima na kurudi kijani, ujue ufunguo umetoka kubadilishwa, ni mpya kabisa. Hapo hapo mvalishe mama hedifoni na unipigie. Tutakuwa na nusu saa nzima mbele yetu. Mpe maji kabla. Mwambie asianze na salamu. Aende moja kwa moja.

Nitakuwa nimekaa hapa, sitasema hata "ndiyo mama", nisije nikamkatiza.

Fundi

*

Machi 15, Ijumaa jioni

Fundi,

Sijakusalimu, utanisamehe. Nakuandikia haraka kabla hujapiga.

Nilifanya ulivyosema. Taa ikarudi kijani, nikamvalisha, nikakupigia, nikasikia "haloo mama" yako. Yeye akaninyooshea kidole mlangoni. Nikatoka. Nilikwenda kuanua nguo, nikazikunja za kamba nzima, hata soksi, nisije nikarudi mapema.

Niliporudi taa ilikuwa nyekundu. Na mama alikuwa bado anaongea. Kwenye ile hedifoni hakukuwa na mtu, naye anaongea, taratibu, macho yameelekea dirishani. Hakujua. Sikuweza kumgusa. Nilishika tu mlango, na kwa haya yangu ya kijinga nikaziba masikio, kwa kuwa alikuwa amenitoa nje. Nilipoachia alikuwa amemaliza. Akageuka, uso wote umefunguka, akasema bila kukwama, neno zima: "Nimemwambia."

Kisha akaniuliza: "A-me-si-kia?"

Nikasema, "Amesikia, mama. Amesikia yote."

Ungekuwepo ungesema hivyo hivyo. Hana nguvu ya kuanza tena, Fundi, nakwambia ukweli ambao daktari hakutaka kuniambia. Amelala sasa, usingizi ambao sijauona tangu alipoanguka. Kesho anataka kukusikia, apate jibu lako. Nakuomba, usimuulize alisema nini.

Dada

*

Machi 16

Dada,

Umetaka nisimuulize, sikumuuliza. Sasa nikueleze kilichotokea, maana hukuwepo chumbani na mimi siwezi kukibeba peke yangu.

Kwanza ya jana. Alianza na salamu. Nilijua tu. Aliniuliza hali, akauliza kama nakula, akauliza kama bado navuta sigara. Nusu saa ya watu wengine ni dakika chache za mama. Kisha akapumzika, nikasikia anakunywa maji. Kisha akasema, "Mwa-na-ngu. Ni-me-fi-ki-ri. Na-ku-omba u..."

Hapo ndipo mtambo wangu ulipomkata.

Leo ulipomvalisha hedifoni, sauti yake ilikuwa ndogo mno, nilibonyeza sikio mpaka likauma. Hakunisalimia. Alisema, "U-ta-fa-nya?"

Dada, ningesema nini? Nilisema, "Nitafanya, mama."

Akasema, "Niahidi."

Nikasema, "Nakuahidi, mama. Nitafanya kama ulivyosema."

Naye akasema, "Haya." Basi. Haya, kama alivyokuwa akituambia tukionyesha kazi ya shule na hakuna kosa.

Nimeahidi nini? Umeishi naye, umemwogesha, umemlisha. Kumbuka chochote alichokitaja. Nitaomba ruhusa Jumatatu nije nilisikie upya kwa mdomo wake, hata nikifukuzwa kazi. Nitakaa kando ya kitanda hapo, hakuna cha ufunguo wala cha antena, aanze mara mia akitaka.

Mdogo wako

*

Aprili 21

Kwako mdogo wangu,

Natumai ulifika salama na safari haikukuchosha sana. Mimi mzima wa mwili. Hii ni barua yangu ya kwanza kwako ambayo haina "mama anakusalimu", na nimekaa mbele ya skrini muda mrefu nikitafuta cha kuweka mahali pake.

Najua tulipokuwa sote hapa msibani hatukuongea. Nyumba ilijaa watu, kila kona kuna shangazi, na wewe ulikuwa unapita na viti kichwani kana kwamba umeajiriwa. Nataka ujue tu kwamba nilipopanda kilima Jumapili ile kukupigia, nilikuwa nimejiandaa kukwambia vizuri, nikaishia kusema "Fundi, usiharakishe tena". Samahani. Ulikuwa na begi mkononi, ulisema.

Hakuumia. Alilala tu tangu aliposikia jibu lako, akaamka kidogo, akala vijiko viwili, akalala.

Watu wananiuliza sasa nitafanya nini. Nawaambia napokea simu. Kitanda chake nimekitandika. Mchana zamu ikiwa kimya najikuta nimesimama kwenda kumgeuza, nafika mlangoni, narudi.

Umepata chochote kuhusu lile jambo? Nimemuuliza jirani, nimemuuliza shangazi, nimemuuliza hata daktari. Hakumwambia mtu.

Dada yako

*

Aprili 28

Shikamoo dada,

Pole na upweke. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Sauti yake ninayo.

Mwezi wa tatu, ili nijue kwa nini laini yako inakatika vibaya kuliko za wengine, niliweka hapa mtego: kila kinachofika kutoka kwako kinachukuliwa nakala kabla hakijagonga mlango wa seva. Niliusahau. Wiki iliyopita nilikuwa nafuta mafaili ya zamani nikaukuta, na siku ile ya Ijumaa imo. Ufunguo ulipotupwa huku, mashine yako huko iliwasha taa nyekundu kwa kukosa jibu letu, ila haikujua ufunguo umekufa. Iliendelea kutuma sauti ya mama imefungwa kwa ufunguo wa zamani, dakika kadhaa. Yote ilifika, dada. Mlango uliikataa kwa sababu mimi ndiye niliyeuagiza ukatae, lakini nakala ilibaki. Ni faili dogo. Nimeliita "Mama".

Na sitaweza kulifungua. Wala mimi, wala aliyetuuzia mitambo, wala mtu yeyote. Ule ufunguo ulitupwa, hauna nakala, na huwezi kuukisia kutokana na ule uliofuata. Ndivyo tulivyoutengeneza. Nimejaribu wiki nzima, ingawa nilijua siku ya kwanza.

Jambo jingine nalisema ili usilisikie kwa mtu. Nimerekebisha. Sasa ufunguo mpya unaanza kazi kwanza, wa zamani unakaa kando dakika chache kupokea vilivyochelewa njiani, ndipo unatupwa. Mashine bado inaulizwa jina kila nusu saa, ila haikatwi wakati inajibu. Tunajenga, ndipo tunavunja. Utaona hutakatika tena, na aliyeibiwa kompyuta leo mwizi wake hafiki mbali. Kazi ya mchana mmoja. Sikuifanya Machi kwa sababu niliogopa, na nilipoogopa nilifunga kila kitu nilichokiona.

Fundi

*

Aprili 29

Fundi,

Salamu baadaye. Umesema unayo. Ifungue.

Usinieleze habari za funguo. Ninyi mna mitambo ya thamani ya kijiji kizima, mna wataalamu, mna sijui nini, na mama yangu amekaa ndani ya kompyuta yako anaongea na wewe unaniandikia kwamba mlango umefungwa na fundi aliyeufunga ni wewe! Mwite mtu. Mtafute aliyetengeneza. Mwambie ni mama, si siri za mtu.

Nimesoma tena nilichoandika hapo juu. Nakiacha, kwa sababu ndivyo ninavyosikia.

Leo nimeongea na mwanamke mmoja karibu asubuhi nzima. Hatukukatika. Katikati aliniuliza, "Dada, haya ninayokwambia, kuna mtu anaweza kuja kuyasikia baadaye?" Nikamjibu hapana, hata sisi wenyewe hatuwezi. Akashusha pumzi, ndipo akasema lililomleta.

Nikatoka nje. Basi. Usimwite mtu.

Dada

*

Mei 12

Shikamoo dada,

Natumai u mzima. Mimi naamka, nakwenda kazini, narudi.

Nimekuwa na ile herufi moja kichwani. "Nakuomba u..." Kila kitu anachoweza kuombwa mtu kinaanza na hiyo. Uje. Uoe. Uache sigara. Umsamehe mjomba niliyegombana naye. Hata "usifanye" inaanza nayo. Nimeacha sigara, kama ndilo. Nimempigia mjomba, tukaongea kama watu, akalia, nami nikalia, kama ndilo. Kuoa sitaweza kwa kubahatisha.

Kisha juzi nilikuwa nasoma barua zako za nyuma nikasimama mahali pamoja. Kwa nini alikutoa nje? Kama ni sigara, angenigombeza mbele yako, angefurahi ucheke. Kama ni mjomba, wewe ndiye uliyekuwa unamwambia mama kila siku anisihi nimsamehe. Mama hakuwa na siri na wewe. Ulimwogesha. Kitu gani mtu aliyeogeshwa na binti yake asingetaka binti asikie?

Lilikuhusu wewe, dada. Alijua ungekataa kabla hajalimaliza.

Ulikuwa umepata nafasi ya chuo cha ukunga. Begi lilikuwa limefungwa alipoanguka, ukalifungua ukatoa nguo. Miaka miwili sasa. Hatukuwahi kukushukuru kwa sababu hukuwahi kulitaja. Nadhani alisema, "Nakuomba umwachie dada yako aende." Au umsomeshe. Au urudi nyumbani. Yote ni jambo moja. Nimeandika barua chuoni. Bado wanapokea watu mwezi wa nane.

Mdogo wako

*

Mei 20

Kwa Fundi,

Mimi mzima, asante. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi.

Hujui alisema nini. Mimi pia sijui, na nilikuwa nyuma ya mlango nimeziba masikio. Alinitoa nje kwa sababu alitaka kuwa na mwanawe bila mtu wa kumshikia kikombe. Huenda alikuomba ulipake jina la baba rangi kule kaburini, limefutika. Huenda alitaka umtafute yule mwanafunzi wake aliyekuwa anamtaja. Wewe unanitafutia mimi jibu lenye umbo langu kwa sababu unaniona mpweke. Usinihurumie kwa mdomo wa mama.

Na nani ataishi humu? Nani atakaa kwenye hiki kiti wanawake wakipiga? Nina umri wa kuwafundisha hao watakaokaa nami darasani.

Chuo sitaki kukitaja tena. Nilikiweka mahali pake zamani, kilikuwa kimekaa vizuri.

Dada yako

*

Juni 3

Dada,

Kaburi nitalipaka rangi. Mwanafunzi nimeanza kumtafuta. Lakini na hili nitalifanya, kwa sababu niliahidi kufanya na sina njia ya kujua lipi la kuacha.

Kitu kimoja sikukwambia Machi. Baada ya "haya", kabla hujamvua hedifoni, alisema jina lako. Si la kwenye vyeti, lile alilokuwa akikuitia ukiwa mdogo. Nilidhani anakuita uje umgeuze.

Nimeomba kufanyia kazi nyumbani, na kiti chako nitakikalia mimi mpaka wapate mtu. Nafika Jumamosi. Usifunge mlango kwa kufuli, sina ufunguo.

Fundi

*

Septemba 15

Kwako mdogo wangu mpendwa,

Natumai nyumba haijakuangukia, antena imesimama, na wanaopiga simu wamezoea sauti ya kiume inayowaita "dada" kwa adabu. Mimi mzima. Tuko wanawake wengi bwenini, mimi ndiye mkubwa, wananiamkia asubuhi foleni nzima. Nimechukua kitanda cha chini kwa sababu ya mgongo.

Umeniandikia mara tatu ukiuliza swali lile lile, nami mara tatu nimekujibu habari za chakula. Leo nakujibu.

Wiki hii tumeingia wodini. Nilimshika mkono mama mmoja tangu asubuhi, na mtoto alipotoka mwalimu aliniachia mimi nimpokee. Alikuwa mzito, wa moto, ananipiga mateke. Sijawahi kushika kitu kilicho changu namna ile, na hakikuwa changu. Nilijua pale pale kwamba nilikuwa nimekitaka hiki siku zote, kila asubuhi niliyomgeuza mama, na nilidhani nimekificha vizuri. Nilitoka nikaenda kukaa ngazini, nikalia, wenzangu wakadhani ni furaha.

Unauliza kama ndilo aliloliomba. Sijui, Fundi, na wewe hujui, na hilo faili lako halitatuambia. Kama ndilo, basi amelipata. Lakini kama lilikuwa lingine, kama alikusanya pumzi yake yote ya mwisho akakuomba kitu chake mwenyewe, kidogo tu, basi hakukipata, na aliyepewa badala yake ni mimi. Kila mtoto ninayempokea namshika kwa mikono miwili huku nawaza hivyo.

Usiniulize tena. Kula vizuri.

Dada yako